Walimu tukitumwa nje, tukirudi tuulizwe tumeona nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na naomba barua isikatwe sana manake hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Kati, mwaka wa 17 huu niko na chaki mkononi, na mwaka juzi nilipata bahati ambayo sisi walimu wa darasani tunaipata kwa nadra sana, nilipelekwa Japani wiki 5 kwa ufadhili wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, kwenda kuona wenzetu wanafundishaje. Tulikuwa watu wa nchi kadhaa za Afrika, tukakaa Naruto, mji wa pwani mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku, pale kuna chuo kikuu cha elimu ambacho kimeshapokea walimu wengi wa Kiafrika wa hesabu na sayansi.

Niliporudi kila mtu aliniuliza treni. Treni, maroboti, na vyoo vinavyoosha vyenyewe. Mimi naomba nizungumzie ubao.

Ilikuwa mwezi wa 11, darasa la 1, watoto kama 30 hivi. Mwalimu mama wa makamo akasimulia kuna matunda 13 mtini, tumechuma 9, yamebaki mangapi, akaandika ubaoni 13 − 9, alafu akanyamaza. Mimi nikajua hapo dakika 5 tu tunahamia swali la pili, manake mimi kwa kipindi kimoja nakwenda maswali 10 mpaka 15 na nikiona nimemaliza 15 najisikia nimefanya kazi. Yule mama kipindi kizima cha dakika 45 alikaa na swali hilo hilo moja. Mtoto mmoja akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, 12, 11, 10, mpaka akafika. Mwingine akasema mimi nimetoa 3 kwanza ikabaki 10, alafu nikatoa 6. Kabinti kamoja ka mbele kakasema mimi nimeivunja 13 ikawa 10 na 3, nikatoa 9 kwenye 10 ikabaki 1, ile 1 nikairudisha kwa 3 ikawa 4. Kila njia mwalimu anaiandika ubaoni na pembeni anabandika kwa sumaku kadi yenye jina la mtoto aliyeitoa, alafu anawauliza wengine, nani anaweza kutueleza mwenzenu alikuwa anawaza nini? Siyo aliyejibu aeleze, hapana, mwingine ndo aeleze mawazo ya mwenzake.

Na hakufuta kitu. Mpaka kengele inagonga, somo lote lilikuwa limesimama pale kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe, swali, njia 3 na majina ya wenyewe, na mwishoni kabisa sentensi moja ya walichojifunza kwa maneno ya watoto wenyewe. Mtoto aliyepotea katikati anainua macho anaona tulitoka wapi. Wana neno lake, bansho, yaani namna ya kuupanga ubao, na mwalimu anauchora kwenye karatasi kabla hajaingia darasani, hiki nitaandika hapa, hiki pale, hapa nitaacha nafasi ya njia za watoto. Sisi kwenye andalio la somo tunajaza kila kitu, umahiri, zana, tathmini, ila ubao utaonekanaje mwisho wa kipindi hatuandiki popote. Mimi nilikuwa natembea na dasta mkono wa kushoto, naandika nafuta, naandika nafuta, na mtoto aliyechelewa kunakili ndo basi tena. Chaki ile ile Mhariri, na ubao ule ule, hakuna cha projekta pale.

Sasa jambo lililonileta kwako hasa ni hili. Wakati yule mama anafundisha, ukutani kulikuwa na walimu zaidi ya 20 wamesimama kimya, wa shule hiyo na wengine wa shule za jirani, kila mmoja ana karatasi yenye ramani ya madawati, na mwalimu hawamwangalii. Kila mtu kachagua watoto 2 au 3, anaandika, huyu amefuta mara mbili, huyu amechungulia kwa jirani, huyu kidole chake cha 9 kimempoteza. Mchana watoto wakaondoka, wakakaa kuzungumzia kipindi kile kimoja mpaka giza linaingia. Walibishana kweli kweli kwa nini swali liwe 13 toa 9, kwa nini lisiwe 13 toa 4. Jibu lao ni kwamba 9 iko jirani kabisa na 10, mtoto anavutwa mwenyewe kuichukua kwenye 10 ikabaki 1, lakini ukimpa 13 toa 4 atarudi nyuma kwa vidole na atapata, na ile njia ya kupitia 10 haitajitokeza. Nilikaa pale na mkalimani ananinong'oneza nikahisi kama kitu kinanikaba kooni, manake miaka yote nimefundisha kutoa na sikuwahi kujiuliza ni namba gani ianze. Nilikuwa naandika tu inayonijia.

Hii kazi wanaiita jugyo kenkyu, kulichunguza somo, na ni ya zamani, ina mizizi kwenye vyuo vya ualimu vya miaka ya 1870. Na hapa kuna historia ambayo nadhani wakubwa wetu wa elimu wangeipenda. Mwaka 1871 Japani walituma msafara mkubwa wa viongozi na wanafunzi, uliondoka Yokohama ukaenda Marekani na Ulaya karibu miaka 2, na ndani yake alikuwemo Tanaka Fujimaro ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia shule za watu. Mwaka 1872 wakafungua chuo cha ualimu Tokyo, wakamweka Mmarekani mmoja anaitwa Marion Scott awaonyeshe namna ya kufundisha watoto wengi kwa pamoja kwa kutumia ubao. Kwaiyo hata huo ubao ninaousifia ulitoka nje! Wao pia walisafiri wakajifunza kwa watu, tofauti ni kwamba kilichotoka safarini kiliingizwa chuoni, wakakifanya chao, na wahitimu wa chuo wakakisambaza mikoani.

Sisemi kila kitu cha kule kibebwe. Tukitoka kwenye mihadhara jioni tulikuwa tunapita karibu na shule, saa 1, saa 2 usiku taa za ofisi ya walimu bado zinawaka, na utafiti wa OECD, umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, wa mwaka 2018 ulionyesha walimu wao wa sekondari ya chini wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi zote zilizopimwa. Na watoto wanaokataa kwenda shule wamekuwa wengi, mwaka 2023 wizara yao ilihesabu zaidi ya 346,000 wa msingi na sekondari ya chini. Wenyeji wetu walituambia hayo wenyewe bila kuficha na nikawaheshimu zaidi.

Usafi nitaugusa kidogo kwa sababu watu wanaupenda sana kwenye video. Watoto wetu nao wanafagia, wanabeba vidumu vya maji toka wadogo, hapo hatuna cha kuonewa huruma wala cha kujifunza. Nilichokiona ni mwalimu mkuu naye amepiga magoti na kitambaa anafuta ngazi pamoja na watoto, na usafi haupewi mtu kama adhabu. Kwetu mtoto akichelewa tunamwambia kafagie vyoo, alafu tunashangaa anakua anaona kufagia ni kudhalilishwa. Chakula cha mchana nacho wanakula humo humo darasani na mwalimu wao, watoto wanagawa wenyewe wamevaa kofia na aproni nyeupe, siku moja tukapewa viazi vitamu, Naruto ni kwao hasa, vya ganda jekundu, nikakumbuka nyumbani nikashindwa kuongea.

Basi nikarudi. Niliandika ripoti kurasa 22, na michoro ya ubao niliichora kwa mkono, nikapiga fotokopi kwa hela yangu nakala 4, nikazipeleka ofisini. Zikapokelewa, zikagongwa muhuri. Nikasubiri kuitwa niwaeleze hata walimu wa kata yetu tu, hata kwa nusu saa. Mwezi, miezi 3, mwaka. Siku moja nimefuata mambo yangu mengine kwenye ofisi hiyo nikaona nakala yangu imewekwa chini ya mguu wa meza isitikisike. Sikumgombeza mtu, nikatoka nje nikakaa chini ya mwarobaini kwanza. Kinachoniuma ni kwamba tiketi ya ndege ilishalipwa, wiki 5 za malazi zilishalipwa, darasa langu lilikaa bila mwalimu wa hesabu wiki 5, gharama yote hiyo imetoka, ilikuwa imebaki tu mtu kuniuliza mwalimu umeona nini.

Mwaka jana nikaacha kusubiri. Nikawafuata wenzangu 3 wa shuleni, tukakubaliana Ijumaa moja kila baada ya wiki 2 mmoja anafundisha, wengine wanatazama. Shida ya kwanza, nani atakaa na madarasa yetu? Tukaona darasa la 1 na la 2 wanatoka mapema, kwaiyo walimu wao wanakuwa huru kutazama, na somo tukaliweka baada ya hapo, saa 6 na dakika 20. Shida ya pili ilikuwa woga. Kwetu mtu akiingia darasani kwako na karatasi basi unakaguliwa, ni mthibiti ubora au mwalimu wa taaluma, na unaanza kutafuta daftari la maandalio huku mikono inatetemeka. Ilibidi nianze mimi.

Nikafundisha darasa la 3 kutoa kwa kukopa, watoto 78. Nilijiona nimefundisha vizuri, nikauliza kama kawaida, tumeelewaaa? Darasa zima, ndiyoooo! Tulipokaa, mwalimu wa darasa la 2 akafungua karatasi yake akaniambia taratibu, "Madam, yule kijana wa dirishani aliitikia ndiyo kwa nguvu kuliko wote, lakini daftari lake lilikuwa halina kitu, hata tarehe hakuandika. Penseli yake haina ncha na aliogopa kukuomba wembe." Yule kijana nimekuwa naye tangu mwezi wa 1. Nilikuwa najua ni mtoto mchangamfu anayejibu, ndicho nilichokuwa najua juu yake. Sikuizi kwenye meza yangu kuna kikopo cha penseli zilizochongwa, anayetaka anachukua bila kuomba, na ile "tumeelewa" nimeiacha kabisa.

Najua watu watasema Japani darasa lina watoto wachache. Kisheria kule darasa lilikuwa mpaka watoto 40, na kwa sheria ya mwaka 2021 shule za msingi zimeshushwa hatua kwa hatua mpaka 35, sisi 78, tofauti ipo na inaumiza, madarasa yajengwe na walimu waajiriwe, hilo nitalisema mpaka nistaafu. Lakini mwalimu mmoja kuwatazama watoto 3 kwa dakika 40 kunawezekana hata darasa likiwa na 120, na huko ndiko kunahitajika zaidi, manake mwalimu anayefundisha hawezi kuwaona wote.

Na mlango tayari upo. Tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na kila shule inatakiwa kuwa na jumuiya ya kujifunza. Mpango mzuri, naunga mkono. Ila shuleni kwetu kabla ya hapo tulikuwa tunakaa staff, mmoja anasoma moduli kwa sauti, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Kikao kihamie darasani penye watoto, walimu tutazame somo moja la kweli na tuliongelee hilo hilo. Na kwa wanaopanga safari naomba kabla mwalimu hajapanda ndege aandikiwe kabisa akirudi atafundisha shule zipi na siku zipi, apewe ruhusa ya siku moja kwa wiki hata kwa miezi 3 tu azunguke shule za kata yake. Na kwenye kila orodha ya watu 5 wanaokwenda kutazama shule za watu, angalau 3 wawe wanaoingia darasani kila asubuhi, kwa sababu ofisa ataona mfumo, atauona na kuueleza vizuri, lakini kidole cha 9 cha mtoto atakiona yule anayeshinda na watoto darasani.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu ni zamu yangu tena. Darasa la 4, sehemu, swali ni moja, mikate 2 watoto 3 wagawane sawa. Mwaliko nimeupeleka ofisini mwenyewe kwa mkono. Atakayekuja aje na karatasi na peni, na akae nyuma achague watoto wake 3.

Wako,
Mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, Kanda ya Kati