Acheni ndege zisubiri getini, injini zimezimwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wakisikia kompyuta inasaidia kupanga ndege zipi ziruke kwanza wanashtuka, wanadhani waongozaji ndege wamewekwa pembeni, kumbe sivyo, programu inapendekeza tu na binadamu ndo anaamua. Na kazi yenyewe sio ya kitoto. Ndege ya kawaida haiwezi kuruka mara tu baada ya jitu kama Airbus A380, lazima ipite kama dakika 3 hivi ule upepo wa kuzunguka unaoachwa nyuma utulie, sasa ukipanga kubwa, ndogo, kubwa, ndogo unapoteza muda bure wakati ungezifuatanisha zinazofanana. Hapo bado kuna zinazoelekea njia moja angani, ambazo nazo lazima ziachiane nafasi, na ile yenye muda wake maalum wa kuruka isiopaswa kuupita. Mtu mmoja kwenye mnara apige hesabu zote hizo kichwani huku anaongea na marubani? Tunamwonea jamani.

Kinachoniuma zaidi ni foleni ya ndege zinazounguza mafuta chini. NASA, lile shirika la anga za juu la Marekani, walijaribu mfumo wa hivi kwenye uwanja wa ndege wa Charlotte hukohuko Marekani, kuanzia 2017, ndege inasubiri getini hadi zamu yake ikaribie, na mafuta yakaokolewa kweli. Ila mashirika ya ndege yasipotoa taarifa sahihi ndege itakuwa tayari saa ngapi, mfumo utapanga uongo, kwa hiyo viwanja vinavyonunua programu hizi vianze kwa kuyabana mashirika hayo hapo.

Msomaji wenu