Yah: Pampu ya mafuta mliyoniuzia kwa Land Rover 109, nataka hela yangu au pampu niliyoagiza

Kwa meneja mauzo,

Habari za kazi bosi. Naandika barua kwasababu WhatsApp nadhani mmeshaniblock, tiki imebaki moja tu tangu niwatumie ile video, na dada wa huduma kwa wateja nikipiga ananiambia "subiri kaka nakuunganisha" halafu napigiwa muziki mpaka salio linakata.

Niko Dodoma, Chang'ombe. Nina Land Rover 109 Series III, zile zilizotengenezwa 1971 mpaka 1985, injini ya petroli ya lita 2.25, naifufua irudi ilivyokuwa na sio kupiga rangi ya kuuzia. Pampu yake ilichanika daiframu, ule utando wa ndani unaovuta mafuta, petroli ikawa inashuka kwenye oili, ukichomoa stiki ya kupimia oili harufu ni petroli tupu. Anayejua gari anajua hapo huwashi tena, oili ikishalainika hivyo unaenda kuua beringi.

Nilichoomba kwenu kipo kwenye meseji hamuwezi kukikataa. Kwanza niliomba repea kiti, yaani seti ya vipuri vya kukarabatia pampu, maana ile pampu ya zamani ya kampuni ya AC inafunguka kwa skrubu, unabadilisha daiframu na vivalvu vyake unafunga unaendelea na maisha. Kijana wenu akasema kiti hizo hazipo tena duniani. Uongo huo, Uingereza zinauzwa mpaka leo, ila mambo ya kusubiri mzigo na ushuru ndo nilikuwa nayakwepa nikasema haya basi nipeni pampu nzima, ile ya mekaniko inayofungwa kwenye bloku na kusukumwa na kemshafti, na kama hiyo hamna basi nipeni ya umeme lakini ya presha ndogo ya gari za kabureta. Nikatuma picha ya pampu mbovu, picha ya kabureta ya Zenith, na nikaandika kabisa "gari haina injeksheni". Jibu lake: "Ipo mkuu, inaingia gari zote za petroli, tuma hela." Nikatuma 180,000/= na hela ya basi juu.

Mzigo nimeupokea stendi ya Nanenane, nafungua boksi nakuta pampu ya umeme ya injeksheni, yaani ya gari zinazonyunyiza mafuta kwa presha kubwa bila kabureta, ubavuni imeandikwa presha 3 bar. Hiyo ni kama psi 43 jamani! Kabureta ya hii gari inataka psi chache tu, hata 5 ni nyingi. Kule kinachozuia mafuta ni kasindano kadogo kanakobebwa na floti, floti ikipanda kanaziba, floti ikishuka kanafungua, basi. Ukikapiga na psi 43 hakawezi kuziba hata floti ingekuwa imejaa upepo mpya, mafuta yanafurika yanamwagika nje, na kwenye hii injini kabureta imekaa juu ya manifodi ya egzosti ambayo ikishatembea ni moto kweli kweli. Sijui kama nahitaji kuwaeleza petroli ikidondokea pale inakuwaje.

Fundi wangu wa Kizota, mzee amekula chumvi na hizi 109 tangu zikiwa gari za maofisa, alisoma tu ile 3 bar akairudisha kwenye boksi. Nikampigia kijana wenu, na hapa ndo naomba usome vizuri bosi, YEYE ndo aliyesema "ijaribuni kwanza kaka, msihukumu kwa macho". Mzee akakataa kuifunga kwenye gari. Tukaweka kabureta mezani, nje, mbali na kila kitu, tukaiunganisha na kidumu cha petroli na betri. Haikumaliza hata kupumua, petroli ikaruka kila upande. Video ndo hiyo niliyowatumia.

Majibu yenu sasa. Kwanza mkaniambia ninunue regyuleta kwenu 65,000/= itakaa sawa. Haitakaa. Kushusha presha kubwa namna ile kwa uhakika unahitaji regyuleta yenye njia ya kurudisha mafuta kwenye tanki, na hii gari ina paipu moja tu ya kwenda, kwahiyo mnataka nitoboe tanki nivute laini mpya ili tu pampu yenu ionekane inafaa. Halafu pampu ya umeme inaendelea kusukuma hata injini ikizima gari ikiwa imepinduka, labda uweke swichi ya kuikata, ya zamani injini ikizima nayo imezima. Hilo hakuna aliyenigusia. Nilipokataa regyuleta ndo likaja jibu la pili: "bidhaa ya umeme ikishatumika hairudishwi." Yaani mmeniambia nijaribu, nimejaribu, na kujaribu kwenyewe ndo kumekuwa kosa langu? Huo ni mtego bosi, sio sera ya duka.

Risiti ya EFD ninayo, na imeandikwa "fuel pump Land Rover". Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo yake, na ukimweleza muuzaji unakitaka kwa kazi gani akakuuzia kama mtaalamu wa hiyo biashara, kinatakiwa kiifae hiyo kazi. Sijaenda FCC, Tume ya Ushindani, natumaini hatufiki huko.

Ninachotaka: mnirudishie 180,000/= na nauli za basi kwenda na kurudi, au mnitumie pampu ya mekaniko ya 2.25 petroli yenye gasketi yake, na kabla haijapanda basi mnipigie picha ya upande wenye mkono unaogusa kemshafti na matundu ya bolti mzee aikague. Ya umeme ya presha ndogo sitaki tena, kwa mazungumzo haya sina imani mtaisoma hiyo presha. Na lile tangazo lenu la "inaingia gari zote za petroli" litoeni, kuna mtu mwenye Pijo 504 ya kabureta ataifunga bila kuuliza.

Pampu ipo kwenye boksi lake, imekaushwa, haina mkwaruzo. Nipeni jina la mtu wa kuipokea Dar nimkabidhi konda.

Mteja wenu,
Chang'ombe, Dodoma