Mbuzi Wawili au Mmoja

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Binti yangu amechungulia barua akanikemea: "Mama, shoga siku hizi ni tusi!" Sisi tulioitana shoga tangu chuoni, leo nikubadilishie jina? Thubutu.

Lililonishikisha kalamu ni mjukuu wa jirani. Kila aliyepanda ngazi na chupa ya uji wa pilipili manga aliuliza lile lile: "Mwanamume au mwanamke?" Bibi mtu hujibu, "Mzima, alhamdulillahi," kisha huulizia bei ya samaki. Siku ya tatu nilipomwogesha mtoto ndipo nikaelewa. Maumbile hayakujipambanua. Kwenye karatasi ya hospitali, mahali pa jinsia wamepaacha patupu.

Wakumbuka maalim alipofika kwa huntha, yule ambaye maumbile hayakumpambanua mume wala mke, katika mirathi, tukaangua kicheko? Wanavyuoni waliwawekea mlango wao karne nyingi nyuma, sisi tukadhani mzaha. Serikali nayo imeamka juzi tu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtoto aliyeandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: watu 1,524 nchi nzima. Wachache mno, kama waniuliza mimi. Nani atamfungulia karani mlango amtolee siri ya nyumba?

Basi, kasheshe ikawa akika, mbuzi wa kumchinjia mtoto mchanga. Mvulana mbuzi wawili, msichana mmoja. Shangazi wawili walibishana jikoni hadi tui likakatika. Huyu amshika mtoto kidevu, "taya la kiume hili"; yule amfunua vidole, "vya kike!" Mtoto alikuwa amelala zake. Babu mtu hakusema neno, akatoka, akarudi na mbuzi wawili kwa kamba moja. "Wa pili hajamdhulumu mtu," akasema, akaomba maji.

Jina ni Nuru. Nuru wa kike nawajua, wa kiume nawajua. Na siku zote hizi nasema amenyonya, amelia, amecheua, wala ulimi haujanikwama.

Ukija Idi niletee kitambaa cha manjano huko Lamu, nimshonee. Nguo za waridi na za samawati ameletewa tele, mama yake amezifungia sandukuni.

Wako,
shogayo