Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, Uganda: sangara wa Murchison arudi majini akiwa hai

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Pakwach. Mimi ni mwendesha boti. Nawapeleka wavuvi wa mchezo kwenye Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, pale mto wote unapojibana katika ufa wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka.

Baadhi ya wageni wangu huja na zana walizozoea baharini. Ndoana yao imefungwa manyoya na nywele hadi ikafanana na samaki mdogo, na kwa kuwa yenyewe haina uzito, mshipi mnene ndio unaorushwa na kuibeba. Wamejifunzia kwenye maji mafupi ya pwani. Kule Florida, Marekani, tangu 2013 samaki wa huko aitwaye bonifishi hapelekwi jikoni kabisa, ukimvua, unamrudisha.

Huku kwetu pia wageni humrudisha sangara. Lakini namna wanavyomrudisha ndiyo inayoniumiza.

Mwaka jana mgeni wangu alivua sangara jike mkubwa. Alipigana naye muda mrefu kwa mshipi mwembamba, kisha tukamning'iniza kwa taya, mwili wote ukielea hewani, picha zikapigwa, simu ikabadilishwa, zikapigwa tena. Mimi ndiye niliyemshika, na mikono yangu ilikuwa mikavu. Tulipomwachia alilala ubavu, tumbo likageuka juu, maji yakamchukua. Nilimfuata kwa boti mpaka nikakata tamaa.

Sangara ana haja kubwa ya hewa ndani ya maji, na akichoka sana hapati nafuu upesi. Tena hawa wakubwa, ambao hufika hata zaidi ya kilo 100, kwa kawaida ni majike, na jike mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Hapa ndipo nyumbani kwao tangu asili. Wale wa Ziwa Victoria walipelekwa na binadamu miaka ya 1950. Wasingefika wenyewe, maana maporomoko haya samaki hawezi kuyapanda.

Naomba kibali cha uvuvi wa mchezo kiandikwe masharti, na mwendesha boti apewe nguvu ya kuyasimamia. Ndoana iwe moja, na kile kijino chake cha nyuma kibanwe kwa koleo ili ichomoke bila kurarua. Mshipi uwe wa nguvu, samaki afike botini mapema. Wavu uwe wa mpira, usiomkwangua utelezi. Mikono ilowanishwe, samaki mzito asining'inizwe kwa taya, na nje ya maji asizidi muda ambao mtu anaweza kuzuia pumzi yake. Kisha ashikiliwe akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Hili la mwisho wageni hulikimbia kwa sababu ya mamba, na wana haki. Basi afanyiwe ubavuni mwa boti, ndani ya wavu.

Siombi mvuvi wa kitoweo aguswe. Jirani yangu anayetega samaki wa angara na ngasa ana watoto wa kulisha, na neno langu halimhusu. Nasema juu ya sisi tunaolipwa ili samaki avuliwe na kuachwa.

Ukipata nafasi, Mheshimiwa, karibu Pakwach. Boti ipo, nitakuonyesha mwenyewe, bila malipo.

Wako mtiifu,
Mwendesha boti, Pakwach