Harambee ya kupaua madarasa mawili Ukara

Ndugu zetu wa Mwanza, Sengerema, Geita na kwingineko, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Sisi wazazi wa shule ya msingi hapa Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, tuna boma la madarasa mawili lililofika kwenye lenta na kuishia hapo. Mawe hatukununua. Kisiwa chetu ni mawe matupu, tumeyapasua na kuyabeba wenyewe, akina mama wakasomba mchanga na maji. Kilichobaki ni mabati, mbao na misumari, na hivyo Ukara haina. Lazima vivuke ziwa.

Mnajua wazee wetu walivyoishi wengi kwenye ardhi finyu. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba na kukatiwa majani, samadi ikabebwa kichwani hadi shambani. Kwenye uwele wakapanda marejea, mmea wa kurutubisha shamba, ili udongo urudishe nguvu. Hata mti ulikuwa na mwenyewe. Hukati tu kwa kuwa una shida ya mbao. Kazi hiyo ililisha vizazi, lakini ardhi haikuongezeka, na wengi wakavuka kwenda Ukerewe, kisha bara. Ninyi ni wajukuu wa hao waliovuka.

Na kuvuka kwenyewe kumetuumiza. Tarehe 20 Septemba 2018, feri ya MV Nyerere ikitoka Bugolora, Ukerewe, ilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya hapa Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Shuleni kwetu wapo watoto wanaolelewa na bibi zao tangu siku ile. Hao ni miongoni mwa wanaosomea chini ya mwembe, na mvua ikianza mwalimu hana la kufanya ila kuwaruhusu waende nyumbani. Inatuuma kuwaona wakikimbia na madaftari ndani ya nguo, na kuta zimesimama pale pale.

Tunahitaji mabati 140 ya geji 28, mbao za kenchi na ujira wa fundi. Anayeweza bati moja alete bati moja. Asiye na fedha na yuko karibu, aje siku ya kupandisha mbao.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa 4 asubuhi, mbele ya boma. Mlio mbali, mpeni mchango ndugu yenu anayekuja kisiwani, aukabidhi kwa mweka hazina wa kamati na kuandikwa kwenye daftari. Siku hiyo tutasoma majina yote, na mabati yakishafika tutabandika risiti za dukani ubaoni.