Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Achieng Oneko hakuishia Kapenguria

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Jumapili jioni mpwa wangu alikuwa mezani na kazi ya shule, kikombe cha chai kimekalia daftari lisifunuliwe na upepo. Akanihesabia kwa vidole wale sita wa Kapenguria, wapigania uhuru walioshtakiwa na mkoloni kwa kuongoza Mau Mau: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba. Mkono ukaisha, akaanza wa pili kwa Oneko. "Anko, halafu huyu alienda wapi?"

Nikachukua kitabu chake. Kinafika tarehe 12 Desemba 1963, bendera inapanda, basi. Ukifunua unakuta kilimo cha majani chai.

Nikamweleza mwenyewe. Huyu alikuwa mbunge wetu. Mtu wa Uyoma, kwa Wajaluo kule Nyanza, lakini mwaka 1963 wapiga kura wa Nakuru Mjini walimchagua, na Kenyatta akampa Wizara ya Habari. Mwaka 1966 aliacha uwaziri akamfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenye chama cha upinzani, KPU. Bunge likapitisha sheria mbio mbio: anayehama chama arudi kwa wananchi. Mwezi Juni uchaguzi ukaitishwa, KPU ikihangaishwa kwa vibali vya mikutano, na Sauti ya Kenya, redio iliyokuwa chini ya Oneko juzi tu, ikiipigia debe KANU, chama tawala cha Kenyatta. Akashindwa papa hapa Nakuru.

Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali ambayo wenyeji wanaiita Russia hadi leo. Vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, viongozi wake wakatiwa kizuizini bila kesi. Odinga alitoka 1971. Oneko, 1975.

Mtoto akaweka kalamu chini. "Aliyemfunga ni Kenyatta yule yule wa kidole cha kwanza?"

Ndiye. Walisimama kizimbani pamoja. Tena Oneko alishinda rufaa yake, mkoloni akamshikilia vivyo hivyo hadi 1961, kwa hiyo kufungwa bila hatia hakukuwa kugeni kwake.

Mheshimiwa, sisemi KPU walikuwa malaika. Naomba tu wanaoidhinisha vitabu wasikubali hadithi ikatwe pale bendera inapopanda. Hansadi za 1966, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zipo, walimu wapewe. Najua kuna watakaokuambia habari hizi zinaamsha ukabila. Sisi tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tuliuona ukabila macho makavu, na hakuna aliyekuwa ameuamsha kwa kitabu cha historia. Mimi ningependa mtoto wa hapa ajue kwamba mji huu uliwahi kumchagua mtu wa Uyoma, na kwamba kilichomtoa bungeni ni kuhama chama.

Mpwa wangu ameacha nusu ukurasa mtupu chini ya jina la Oneko. Anasema mwalimu atamwambia kama anaruhusiwa kuujaza.

Wako,
Mzazi mlezi, Kaptembwo