Mzee aliyevunjika nyonga asisahaulike kitandani

Ndugu Mhariri,

Masika haya mama yangu, mwenye miaka 78, aliteleza kwenye tope akienda choo cha nje hapa Tukuyu. Nyonga ikavunjika. Hospitalini akafungwa uzito mguuni, nasi tukahangaikia fedha za kununua chuma cha kuunga mfupa hadi tukauza ndizi zikiwa bado mgombani. Siku ya 16 alikuwa na kidonda matakoni, kifua kinakoroma.

Uingereza mwongozo unataka mzee apasuliwe siku hiyohiyo au kesho yake, kisha asimamishwe mapema, maana kulala sana huleta nimonia, vidonda na damu kuganda. Sisi tunamlaza, eti "apumzike". Chuma ni ghali, sawa. Hata kumwinua akae nako kuna bei?

Mama sasa anatembelea magongo aliyochongewa na seremala jirani yetu. Chooni bado anasindikizwa.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya